Nyimbo Saba za Mwaju

Mwezi uliopita nilikabidhi funguo za studio ya Mafiga kwa vijana wangu Neema na Fadhili, nikaenda nyumbani kulala. Siku ya tatu Neema akanipigia simu akilia kwamba ameua mikisa, ile mashine ya kuchanganyia sauti. Kumbe waya ulikuwa umechomoka nyuma. Tulipomaliza akaniambia, "Mama Tina, si uandike haya mambo? Ukibaki nayo kichwani tutakusumbua mpaka lini?"

Basi nimeandika. Vyeo na mishahara nimeviruka, kwa kuwa havikuwahi kunifundisha kusikia. Nimeweka nilivyoanza, aliyenifundisha, na kazi moja ambayo wengi wenu mnaijua kwa jina tu, maana haikuwahi kutoka.

Nilianza katika studio ndogo ya kanda iliyokuwa nyuma ya kanisa, hapahapa mjini. Nilikwenda kama mwimbaji wa sauti ya pili kwenye kwaya yetu. Nikaishia upande wa pili wa kioo kwa sababu nilikuwa naimba vibaya na kila mtu alijua isipokuwa mimi. Fundi mitambo alikuwa Mzee Kobelo, Mluguru wa Matombo, Mwislamu aliyerekodi kwaya za Kikristo kutwa nzima na kutoka adhuhuri kwenda kuswali. Alizijua nyimbo za Pasaka kuliko wanakwaya wenyewe. Kwaya ikisahau ubeti, yeye ndiye aliyewakumbusha.

Siku ya kwanza nilitaka kugusa mashine. Akanipa waya wa mita ishirini, akaniambia niukunje. Nikauzungusha kwenye kiwiko kama tunavyokunja kamba nyumbani. Akaukunjua wote, akaniuliza, "Unakwenda kufunga mbuzi?" Wiki nzima nilikunja waya. Wiki ya pili nilisafisha vichwa vya mashine kwa pamba na spiriti. Wiki ya tatu akanipa kiti, lakini akakigeuza nikatazama ukuta ili nisiwaone waimbaji. Kila baada ya wimbo aliniuliza maswali. Nani amevuta pumzi kabla ya wenzake? Nani ana mafua? Nani amechoka na anaficha?

"Mimi nimesikiliza maneno, Mzee," nilimjibu siku moja.

"Ukisubiri maneno umeshachelewa. Sikiliza pumzi. Inatangulia kufika."

Baada ya mwaka nilikuwa naweza kusikia mafua ya mtu kabla mwenyewe hajajua kwamba anaumwa. Wanakwaya walidhani nina jini.

Kanda zikafa, kompyuta zikaja. Mzee Kobelo alikaa na kompyuta mwezi mmoja, akaona inavyofuta kikohozi katikati ya wimbo bila kuacha alama. Akatikisa kichwa, akasema, "Sasa hakuna atakayejifunza kutokohoa," akarudi kwao Matombo kulima mihogo. Mimi nilibaki. Sitawadanganya, niliipenda ile kompyuta.

Studio ya Mafiga tuliijenga ndani ya nyumba ya kawaida ya vyumba vitatu yenye bati juu. Mvua ikinyesha kazi inasimama, na milima ikiwa hapo juu yetu mvua hatunyimwi. Mara ya kwanza tulijaza magunia ya pumba za mpunga juu ya dari ili kuzuia kelele. Panya walitushukuru sana. Kuna tangazo moja la sabuni ambalo ukisikiliza kwa makini unawasikia wakipata mlo wa mchana. Tukatoa pumba, tukaweka magodoro chakavu, nayo ndiyo yaliyoko hadi leo. Msiyatoe.

Mwaju alikuja hapo miaka michache iliyopita. Jina lake la nyumbani ni Mwajuma, binti wa Bi Tatu, mama anayeuza mboga za Mgeta sokoni. Albamu yake ya kwanza mnaikumbuka, ilipigwa kwenye kila saluni na kila bajaji. Alikuwa na miaka ishirini na sita, na sauti ya juu iliyokuwa inapanda bila kugusa ngazi. Alikuja na meneja wake, Kassimu, kijana wa Dar es Salaam mwenye simu mbili. Walikuwa na biti kumi, midundo ya muziki iliyokwisha kupikwa huko. Kazi yetu ilikuwa kuingiza sauti.

"Kwa nini hukurekodia Dar?" nilimuuliza.

"Dar kila dakika mtu anagonga mlango, Mama. Nataka nilale kwa mama, niimbe asubuhi, mchana nile ugali na mboga."

Asubuhi ya kwanza alifika saa mbili, akapiga magoti kidogo. "Shikamoo Mama."

"Marahaba. Umekunywa chai?"

"Bado."

"Nenda kanywe kwanza. Sirekodi tumbo."

Kassimu alidhani natania. Nikamwekea hedifoni masikioni, nikafungua maiki, akasikia mwenyewe tumbo la msanii wake linavyonguruma. Akaenda kununua chapati.

Siku tatu za mwanzo zilikuwa raha. Mwaju alikuwa mfanyakazi, na hilo nalisema kwa sababu watu hudhani waimbaji ni watu wa kuremba kucha. Mstari mmoja aliurudia mara ishirini bila kununa. Siku ya nne, kwenye wimbo wa tatu, nikasikia kitu. Alikuwa anashikilia "a" ndefu mwisho wa kiitikio, na pumzi ikafika kabla ya sauti. Ni kitambo kidogo sana, kama mtu anayesukuma mlango uliovimba kwa maji. Nikadhani ni uchovu. Kesho yake nikakisikia tena, na keshokutwa. Baada ya dakika ishirini za kuimba, sauti ya juu ilikuwa inaingia mchanga.

Nilijua. Hapa ndipo ninapotaka mnisome polepole. Nilijua siku ya sita, na sikusema.

Nilichofanya ni kufanya kazi yangu vizuri. Nilihamisha nyimbo ngumu zote asubuhi mapema, koo likiwa bado limepumzika. Nilishusha ufunguo wa wimbo wa nne nusu hatua, nikamwambia Kassimu kwamba unapendeza zaidi hapo. Nilisogeza maiki karibu ili asilazimike kusukuma. Pale sauti ilipochanika, nilichukua kipande kutoka rekodi ya juzi nikakishona, na mshono hauonekani. Baya kuliko yote ni kwamba ndani ya hedifoni zake nilikuwa nampelekea sauti iliyokwisha kusafishwa, yenye eko kidogo na utamu kidogo. Mwimbaji akijisikia vizuri huimba vizuri, hilo ni kweli. Lakini Mwaju alikuwa anaumia kooni huku masikio yake yakimwambia mambo shwari. Aliyekuwa anamwambia hivyo ni mimi.

Siku moja alishika shingo akasema, "Leo kama nina mwiba."

"Kunywa maji ya uvuguvugu," nikamjibu, nikabonyeza kitufe.

Tukaenda hivyo kwa wiki saba. Nyimbo saba zikakamilika. Kassimu alikuwa anazisikiliza akitembea huku na huku sebuleni, anacheka peke yake. Nilikuwa najivuna, sitaficha. Nilijiona fundi kweli.

Halafu siku moja, mchana, simu yangu ikaita. Namba sikuijua. Mwanamke akasema, "Mama, leo nitachelewa, nipo sokoni." Sauti ilikuwa nzito, imekwaruzika, ya mtu wa makamo aliyeshinda akipiga kelele juani.

"Samahani, naongea na nani?" nikauliza.

"Mama Tina, ni mimi Mwaju. Nimetumia simu ya jirani wa mama."

Nilikaa kwenye kiti. Kwa wiki saba nilikuwa nimeizoea ile sauti niliyokuwa naishona, mpaka ya kwake mwenyewe ikanipotea. Fundi wa sauti wa miaka yote hiyo, sikumtambua mtu niliyekuwa naye kila siku.

Alipofika sikuwasha maiki. Nilimkalisha kwenye kiti changu, nikamfungulia wimbo wa saba kama ulivyokwisha kutengenezwa. Akatabasamu. Kisha nikazima kila kitu, nikamwekea rekodi mbichi ya wimbo huohuo, kama ilivyotoka kooni mwake, mara zote tisa alizouimba, mfululizo.

Alisikiliza ya kwanza, ya pili. Kwenye ya tatu akavua hedifoni.

"Hii ni ya lini?"

"Juzi."

"Na umekuwa unasikia hivi tangu lini?"

"Tangu wiki ya kwanza."

Nilitamani anitukane. Alisema tu, kwa ile sauti ya kukwaruza, "Mama, mimi nilikuwa nakuamini wewe kuliko koo langu." Akachukua mkoba akatoka. Kassimu alikuwa nje kwenye simu. Alimpungia mkono akidhani anakwenda kununua vocha.

Kesho yake Mwaju alikwenda Dar kwa daktari wa masikio, pua na koo. Walimpitishia kamera ndogo, wakakuta kivimbe kwenye uzi mmoja wa sauti, na kilikuwa kimeshavuja damu. Daktari alimwambia kingekuwa kidogo zaidi kama angeacha kuimba mapema. Akamwambia asizungumze wiki tatu, hata kunong'ona asinong'one, kisha wamfanyie upasuaji. Sauti ingerudi namna gani, hakumwahidi. Haya yote alinieleza Bi Tatu, kwa sababu Mwaju alikuwa ameshaanza kunyamaza. Bi Tatu alimpeleka Mgeta kwa bibi yake, kwenye baridi na ukimya.

Wiki ya pili Kassimu alikuja kunifuata. "Mama, twende Mgeta. Zimebaki nyimbo tatu, na watu wanasahau haraka. Wewe una rekodi zake zote humo. Si unaweza kuzijenga?"

Nilimjibu ukweli: ninaweza. Nilikuwa na majaribio mengi ya nyimbo hizo tatu, nilikuwa na kila irabu aliyowahi kuitoa. Ningekata na kuunga, na msikilizaji asingejua.

"Basi," akasema.

"Twende akaseme mwenyewe," nikamwambia.

Tulipanda na gari dogo la mizigo lililokuwa linakwenda kuchukua kabichi. Barabara ile inajikunja mpaka unaona ulikotoka chini ya miguu yako. Tulimkuta Mwaju kwenye ngazi za shamba la mlimani, kavaa sweta la bibi yake, anapalilia karoti. Aliposikia "hodi" akainuka, akaja, akapiga magoti kunisalimia bila sauti. Nikaitikia marahaba, na nilishindwa kumtazama machoni. Bibi alikuwa anazungumza kwa niaba ya wote wawili, tena Kiluguru kitupu, na kwa kuwa hajui kusoma, daftari ambalo mjukuu wake aliandikia anachotaka kusema yeye alilitumia kupepelea moto.

Tukakaa kwenye benchi mbele ya nyumba. Kassimu akaeleza, na alieleza vizuri, kwa sababu si mtu mbaya. Alisema ameacha kazi nyingine kwa ajili ya albamu hii. Alisema watu wanaisubiri, na yeye Mwaju hatalazimika hata kufungua mdomo.

Mwaju akaandika, akamgeuzia daftari. Nami nikasoma. *Nani ataimba?*

"Wewe. Ni sauti yako hiyohiyo."

Akaandika tena, safari hii akanigeuzia mimi. *Ni yangu, Mama?*

Nilijua Kassimu ananisubiri. Nilijua pia kwamba nikisema "ndiyo" hakuna atakayenikamata. "Zile nne za kwanza ni zako," nikasema. "Kuanzia ya tano nusu ni ya kwangu. Hizo tatu zikijengwa, zitakuwa zangu zote."

Kassimu akainuka. "Mama Tina, umenimaliza." Akashuka mpaka kwenye gari, akakaa mbele na dereva, akasubiri kabichi zipakiwe.

Kabla sijaondoka nilimwomba Mwaju msamaha. Nilimwambia nilisikia nikanyamaza kwa sababu niliona fahari kuficha, na kwamba nilimdhulumu. Alishika kalamu muda mrefu bila kuandika. Kisha akaweka daftari chini, akaingia jikoni, akaniletea mfuko wa karoti. Sikujua ni jibu gani. Nilizipokea.

Upasuaji ulifanyika, na ulikwenda salama. Miezi mitano ikapita. Kazi iliendelea, kwaya, matangazo, harusi. Nilibadilisha jambo moja tu: sikumpelekea tena mwimbaji yeyote sauti ya kudanganya masikioni. Wawili walihama wakaenda studio nyingine wanakosifiwa. Sawa.

Asubuhi moja Mwaju akasimama mlangoni. "Shikamoo Mama. Nimekunywa chai."

Niliisikia kabla sijamwona. Ilikuwa sauti ya chini, pana, ina kitu kama moshi ndani yake. Si ile ya zamani, wala si ile ya simu.

"Nataka unirekodi ubeti mmoja," akasema. "Bila hedifoni. Na useme unachosikia."

Aliimba ubeti wa wimbo wake maarufu, ule wa albamu ya kwanza. Alipofika pale panapopanda, sauti ilijaribu, ikagoma, akaacha. Akanitazama kupitia kioo.

"Ile ya juu haipo," nikamwambia. "Usiitafute, utajiumiza. Hii ya chini sijawahi kuisikia kwa mtu. Haijanyooka bado. Itachukua muda."

"Itachukua muda gani?"

"Sijui."

Aliitikia kwa kichwa taratibu, kama mtu aliyeambiwa anachokijua. Alikuja kila Jumanne baada ya hapo, tukafanya mazoezi tu, mashine zimezimwa. Mara chache aliimba mpaka mwisho. Mara nyingi alitoka analia. Mwisho wa mwaka alianza kuimba kwenye kumbi za harusi hapa mjini, nyimbo zilezile za zamani kwa ufunguo wa chini. Wapo waliosema amepoteza. Wapo waliomwita tena.

Kassimu aliporudi alikuwa na msanii mwingine na amani zaidi. Alitaka tu jambo la zile nyimbo saba lifungwe. Mwaju akasema tuzisikilize kwanza, akamleta mama yake. Basi tulikaa wanne kwenye chumba cha mitambo alasiri moja: Bi Tatu kwenye kiti changu, kapu la mboga miguuni, Mwaju sakafuni, Kassimu mlangoni. Nikazipiga zote saba kwa mfuatano, bila kusimama. Ni albamu nzuri. Nasema hivi kwa kuwa hamtaisikia, na mtu lazima aseme.

Wimbo wa mwisho ulipokwisha, Bi Tatu akafuta macho kwa khanga. "Jamani, ni nzuri kupita ile ya kwanza. Mbona hamzitoi?"

Kassimu akainua mikono juu, kama anayesema yeye amechoka kulisema hilo.

"Mama," Mwaju akajibu kwa ile sauti yake mpya, "wakiniita nikaziimbe, nitamtuma nani?"

Bi Tatu alimtazama binti yake, akamshika kichwani, akamwacha. Kassimu akatoa diski yake mfukoni, ile aliyokuwa ametunzia nakala ya nyimbo hizo, akaiweka juu ya meza mbele ya Mwaju. Wakapeana mikono. Mwaju akaniomba nimwekee nyimbo zote humo, zile saba na vipande vyote vibichi, kisha nifute kwenye kompyuta ya studio. "Zibaki kwangu tu. Nikitaka kujisikiliza, nijue pa kwenda."

Nikahamisha. Nikahakikisha mara mbili. Kisha nikachagua faili zote na kufuta, yeye amesimama nyuma yangu. Miezi miwili ya kazi yangu bora iliondoka kwa muda wa kupiga chafya. Aliponiaga alinikumbatia, jambo ambalo hakuwahi kulifanya, halafu akamsaidia mama yake kubeba kapu mpaka kwenye bajaji.

Barazani kulikuwa na bwana mmoja kutoka Dumila, muuza vitunguu. Alitaka kurekodi tangazo la kipaza sauti, lile la kurudiarudia kando ya barabara. Alikuwa amesubiri tangu saa nane.

"Mlikuwa mnafanya nini humo muda wote huo?" akaniuliza.

"Tulikuwa tunasikiliza."

Nikamkaribisha ndani, nikampa maji ya uvuguvugu, nikamwambia aseme moja, mbili, tatu. Akasema. Alikuwa na mafua yanakuja, nikamwambia.